Gari Linapogoma Kuwaka Asubuhi ya Kipupwe

Mvua za masika zinapokwisha, mji wa Moshi huingia katika majira ambayo mgeni hayatazamii katika nchi iliyo karibu hivyo na Ikweta. Kuanzia Juni hadi Agosti wingu zito hutanda juu ya miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, jua huchelewa kuonekana, na alfajiri migomba hudondosha umande kana kwamba mvua imenyesha usiku kucha. Katika Kata ya Njoro, iliyo ndani ya mji wenyewe, kipimajoto cha asubuhi huweza kuonyesha nyuzi 15 za Sentigredi au chini kidogo. Ndiyo majira ambayo sauti moja husikika katika nyua nyingi: starta inaizungusha injini mara mbili tatu kwa uchovu, inanyamaza, inajaribu tena, kisha kimya.

Kimya hicho kina gharama. Huenda gari hilo ndilo lililokuwa lipeleke ndizi na maziwa sokoni kabla ya jua kupanda, au mgonjwa hospitalini. Mwenye gari asiyejua chanzo cha kasoro huamua kwa haraka kwamba betri imekufa, akatoa fedha zilizowekwa kwa ajili ya ada ya mtoto, akanunua mpya. Wiki ya pili gari linagoma tena, kwa sababu betri haikuwa na kosa lolote. Hasara ya namna hii haitokani na uhaba wa vipuri, bali na kutofuata ushahidi. Na ushahidi wenyewe hauhitaji zaidi ya fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Makala haya yanahusu magari ya zamani, yaani yale yenye kabureta, koili na pointi, kama vile Land Rover, Peugeot 404 na 504, Volkswagen na pikapu nyingi za Kijapani zilizotengenezwa kabla ya vifaa vya elektroniki kuenea. Baadhi ya magari hayo bado yanatembea, na katika karakana za kujifunzia yana faida moja kubwa: kila kiungo cha kazi yake huonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

BARIDI YA MLIMANI KWA HESABU

Jambo la kwanza ni kujua baridi inayozungumzwa ni ya kiasi gani. Kwa wastani, hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Basi, ikiwa kipimajoto cha Njoro, ambako ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, kinaonyesha nyuzi 15, gari lililolala karibu na lango la hifadhi huko Marangu, penye mita zipatazo 1,800, litakuwa katika nyuzi 9 hivi. Kanuni hiyo ni ya wastani tu. Katika usiku mtulivu hewa baridi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya joto, huteremka kutoka mlimani kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana gari lililoegeshwa bondeni huweza kuamka likiwa baridi kuliko lile lililo juu kidogo yake.

Hata hivyo, nyuzi 9 wala 15 si baridi ya kuizuia injini nzima isiwake. Katika nchi za kaskazini ya dunia, magari ya aina hiyo hiyo yaliwashwa kwa miaka mingi katika baridi ya nyuzi 10 na hata 20 chini ya sifuri, ambako maji ya kawaida huwa barafu. Hitimisho ni moja: baridi ya Moshi haileti ugonjwa wa gari, bali huufichua. Gari lenye dosari tatu ndogo huweza kuwaka adhuhuri bila taabu, kwa sababu joto huzifunika. Alfajiri kifuniko hicho huondolewa, na dosari zote hudai haki yake kwa wakati mmoja.

MAMBO MANNE YANAYOTAKIWA

Injini ya petroli huhitaji mambo manne ili iwake. Kwanza, izungushwe kwa kasi ya kutosha. Pili, pistoni zibane hewa vizuri ndani ya silinda. Tatu, ndani ya hewa hiyo uwemo mvuke wa petroli kwa kipimo kifaacho. Nne, cheche kali iruke katika plagi kwa wakati wake. Likikosekana moja, mengine matatu hayana msaada.

Ubora wa kubana hutegemea uchakavu wa ringi na valvu, nao haubadiliki sana kwa usiku mmoja. Mambo matatu yaliyobaki ndiyo yanayoguswa na baridi na unyevu, na kila moja lina kanuni yake.

BETRI: KEMIA NDANI YA KISANDUKU

Betri ya gari ni mzawa wa kifaa kilichobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake zimo bamba za risasi na bamba za oksidi ya risasi, zote zikiwa zimezama katika maji yenye asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, asidi huungana na bamba za pande zote mbili na kufanya salfeti ya risasi, na maji huongezeka. Ndiyo sababu fundi huweza kuijua hali ya betri kwa kupima uzito wa maji yake kwa haidromita: betri iliyojaa huonyesha karibu 1.26 hadi 1.28, iliyobaki nusu karibu 1.20, na iliyokwisha karibu 1.12. Katika nchi za joto baadhi ya betri hujazwa asidi nyepesi kidogo, hivyo ni busara kulinganisha selo moja na nyingine. Selo moja ikiwa chini sana ya wenzake watano, selo hiyo ni mbovu.

Mabadiliko ya kikemia hupungua kasi halijoto inaposhuka, na ukinzani wa ndani wa betri huongezeka. Lakini ni kwa kiasi gani? Betri nzima ikipozwa kutoka nyuzi 25 hadi sifuri hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Kwa nyuzi 15 za Njoro hasara ni ndogo zaidi. Betri ambayo haiwezi kustahimili upungufu mdogo namna hiyo ilikuwa dhaifu tangu zamani.

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Adui mkubwa wa betri si baridi, bali joto. Katika miezi ya jua kali, Januari na Februari, maji ya betri hukauka upesi na bamba huliwa kwa haraka. Dhara hilo halionekani kwa sababu wakati huo injini ni nyepesi kuzungusha. Betri iliyoumizwa Februari hukutwa imekufa Julai, na lawama zote hubebeshwa kipupwe.

HESABU YA UKINZANI MDOGO

Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na starta ya umeme, kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na kuanzia hapo hendeli ya kuzungusha kwa mkono ikaanza kupoteza nafasi yake. Starta ni mota ndogo yenye ulafi mkubwa: kwa sekunde chache huvuta mkondo wa ampea 100 hadi 200. Ukubwa wa mkondo huo ndio unaofanya viungo vya nyaya kuwa na umuhimu wa pekee.

Chukuliwe kiungo kimoja kichafu, kwa mfano kichwa cha betri kilichoota unga mweupe au wa kijani, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Kwa Kanuni ya Ohm, volti zinazopotea katika kiungo ni mkondo mara ukinzani. Taa ndogo za gari zikivuta ampea 2, kinachopotea ni volti 0.04, nazo taa zitawaka kama kawaida. Lakini starta ikidai ampea 150, hesabu ni 150 mara 0.02, yaani volti 3. Betri ya volti 12 ikishapoteza volti 3 katika kiungo kimoja, na nyingine ndani yake yenyewe, starta hubakiwa na nguvu ya kugeuka kwa shida. Kwa kweli mkondo wenyewe nao utapungua, na hapo ndipo mzunguko unapozidi kuwa wa polepole.

Kwa hiyo usemi wa kawaida kwamba "taa zinawaka vizuri, basi umeme upo" hauthibitishi lolote kuhusu starta. Taa na starta huuliza swali moja kwa sauti tofauti. Zaidi ya hayo, nishati inayopotea katika kiungo hugeuka joto. Ampea 150 zikipita katika omu 0.02 hutoa wati 450, na kwa hiyo kiungo kibovu huweza kutambuliwa kwa kukigusa kwa tahadhari baada ya starta kupigwa: kitakuwa na joto ilhali vingine ni baridi.

OILI NZITO NA PETROLI ISIYOGEUKA MVUKE

Usiku kucha oili hutuama chini ya injini na kupoa. Mnato wake huongezeka kwa namna isiyofuata mstari ulionyoka: oili ya daraja moja iliyo nyuzi 10 huweza kuwa nzito mara kadhaa kuliko ilivyo katika nyuzi 30. Pistoni na beringi zinapotaka kusogea katika oili hiyo, starta hulazimika kutumia nguvu zaidi, yaani kuvuta mkondo mkubwa zaidi, wakati ule ule ambao betri ina uwezo mdogo zaidi. Oili za madaraja mengi, kama zile zenye alama 20W-50, zilitengenezwa ili kupunguza tofauti hiyo. Gari lililotiwa oili nzito kuliko iliyopendekezwa na kitabu chake, kwa nia ya kunyamazisha injini chakavu, hulipa deni hilo alfajiri.

Petroli nayo ina mkasa wake. Inayowaka si petroli ya majimaji, bali mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini yenye joto hutaka uwiano wa karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Katika injini baridi sehemu kubwa ya petroli hubaki matone na kulowesha kuta za bomba la kuingizia hewa. Kinachofika kwenye plagi kikiwa mvuke ni kidogo mno. Choki ndiyo dawa: kibati kinachoziba mdomo wa kabureta, hewa ikapungua na petroli ikavutwa kwa wingi, ili hata sehemu ndogo itakayogeuka mvuke itoshe.

Mlimani, hata hivyo, choki hutaka kiasi. Kadiri gari linavyopanda, hewa huwa nyembamba, nayo kabureta iliyorekebishwa Tanga au Dar es Salaam huendelea kupima petroli karibu kama ilivyokuwa pwani. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Dereva wa Marangu anayevuta choki yote, akakanyaga pedali mara kumi, huweza kuzilowesha plagi kabisa. Na plagi iliyolowa haitoi cheche ya maana. Dalili zake ni harufu kali ya petroli na injini inayozunguka vizuri bila hata kukohoa. Tiba ni kurudisha choki, kukanyaga pedali hadi chini na kuishikilia hapo bila kuipampu, kisha kupiga starta kwa sekunde chache ili hewa iikaushe injini.

UMANDE NA UMEME WA VOLTI NYINGI

Katika Njoro na vijiji vya mteremkoni, unyevu hugomesha magari mengi kuliko baridi yenyewe. Bati na chuma vya gari hupoteza joto lake usiku kwa kulimimina kwenye anga, vikapoa hadi mvuke ulio hewani ukatonesha juu yake. Umande huo huingia chini ya boneti na kukaa juu ya koili, kifuniko cha distributa na nyaya za plagi.

Hatari yake inatokana na kazi ya vifaa hivyo. Koili ni transfoma inayotumia kanuni ya usumaku iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Pointi zinapofunguka, mkondo wa volti 12 hukatika ghafla, uga wa sumaku huporomoka, na katika waya mwembamba wenye mizunguko maelfu huzaliwa umeme wa volti 10,000 au zaidi. Umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia iliyo rahisi kupita zote. Maji safi hayapitishi umeme vizuri, lakini umande uliochanganyika na vumbi, chumvi na mafuta hupitisha. Badala ya kuruka katika plagi, umeme hutambaa juu ya kifuniko na kupotelea kwenye chuma cha injini. Ukishatambaa mara nyingi, huchora mstari mwembamba wa kaboni kwenye plastiki, na tangu hapo njia ya wizi huwa ya kudumu.

Kuna na dosari ya pili. Starta inapovuta mkondo mkubwa, volti za betri hushuka, pengine hadi 9. Koili, ikipewa 9 badala ya 12, hutoa cheche dhaifu. Hivyo kichwa kichafu cha betri huweza kuua cheche, na mwenye gari akashughulika na plagi zisizo na hatia.

KUFUATA USHAHIDI

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi akili inavyoweza kuokoa fedha. Pikapu ya miaka mingi hulala nje, Njoro. Kwa asubuhi tatu starta inazunguka kwa uzito na injini haiwaki. Saa sita mchana inawaka. Mwenyewe anaamini kwamba betri imekufa. Kabla ya kununua nyingine, anaazima betri ya jirani ambayo ndiyo kwanza iwashe gari la mwenyewe. Starta inazunguka kwa uzito ule ule. Tayari dhana ya kwanza imeanguka, na imeanguka bila kugharimu shilingi moja.

Jaribio la pili ni la taa kubwa. Zinawashwa, starta inapigwa. Taa hazififii sana. Kama betri ingekuwa dhaifu, zingefifia karibu kuzimika. Kama kichwa cha betri kingekuwa kibovu, pia zingefifia, kwa sababu taa na starta hulishwa kupitia kichwa hicho hicho. Kosa basi liko katika njia ya starta peke yake.

Jaribio la tatu linakuja kwa bahati: dereva anaposhika waya wa choki anaona una moto. Choki haina umeme wowote, basi moto huo umetoka wapi? Jibu ni kwamba injini hukaa juu ya mipira, na mkondo wa starta hurudi kwenye betri kwa kupitia waya mnene uliosukwa, unaounganisha injini na bodi, ambao mafundi huuita waya wa eathi. Waya huo ukioza au boliti yake ikishika kutu, mkondo hutafuta njia nyingine yoyote ya chuma, hata waya mwembamba wa choki. Dereva anachukua waya mnene wa kuazimia umeme, anaunganisha injini moja kwa moja na upande hasi wa betri, na starta inazunguka kwa nguvu. Dawa yake ilikuwa spana, kipande cha msasa na dakika kumi.

Ilikuwaje ikawaka mchana? Kwa sababu oili yenye joto ilidai mkondo mdogo, na mkondo mdogo uliweza kupita hata katika njia mbovu. Kwa kawaida kasoro inayotokea asubuhi tu ni kasoro iliyopo siku nzima.

Utaratibu wa jumla waweza kufuatwa hivi, hatua moja baada ya nyingine, bila kubadili vitu viwili kwa wakati mmoja:

1. Starta ikiwa kimya au inagonga "tak" tu, taa kubwa ziangaliwe. Zikizimika, chanzo ni betri au vichwa vyake. Zikibaki kali, chanzo ni starta, swichi yake au waya wa eathi.

2. Starta ikizunguka polepole, vichwa vya betri visafishwe hadi ving'ae, nyaya zikazwe, maji ya betri yapimwe, na daraja la oili lihakikiwe.

3. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, cheche itafutwe. Plagi moja hufunguliwa, huvikwa waya wake, na chuma chake huegeshwa juu ya injini mbali na petroli. Waya hushikwa kwa koleo yenye mpira. Cheche ya rangi ya samawati ni nzuri. Ya manjano iliyofifia ni dhaifu.

4. Cheche ikikosekana, kifuniko cha distributa kikaushwe kwa kitambaa na kikaguliwe kama kina ufa au mstari wa kaboni. Ikikosekana hata katika waya unaotoka kwenye koili, pointi zisafishwe na nafasi yake ipimwe, ambayo katika magari mengi ni karibu milimita 0.4. Kisha kondensa na koili zijaribiwe.

5. Cheche ikiwepo, plagi zenyewe zisomwe. Iliyokauka husema petroli haifiki. Iliyolowa husema imezidi. Iliyojaa masizi meusi husema mchanganyiko ni mzito siku zote.

6. Petroli isipofika, pampu, chujio na bakuli la kabureta vitazamwe. Tangi linaloachwa nusu usiku hukusanya maji ya mtonesho, nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini, penye mdomo wa bomba.

MTEREMKO KAMA STARTA

Madereva wa mlimani wana desturi ya kuegesha gari likielekea chini. Desturi hiyo ni fizikia safi. Gari la kilo 1,000 linaloshuka mita 2 kwenda chini huachia nishati ya 1,000 mara 9.8 mara 2, yaani jouli 19,600. Starta inayotumia volti 10 na ampea 150 kwa sekunde 5 hutumia jouli 7,500. Hata baada ya msuguano kuchukua sehemu yake, mteremko mfupi una nguvu ya kutosha kuizungusha injini, gia ya pili ikiingizwa na klachi ikaachiwa.

Lakini mteremko hauzai cheche. Koili bado hudai umeme, na betri iliyokwisha kabisa haitausaidia msukumo wowote. Tena, katika gari lenye breki zinazosaidiwa na injini, pedali huwa nzito sana injini ikiwa imezimika. Mteremko mkali, barabara yenye watu, au gari lenye gia za otomatiki si mahali pa jaribio hilo.

DIZELI NA MAGARI YA SASA

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Hewa inayoanza ikiwa baridi humaliza ikiwa na joto pungufu, na injini inayozunguka polepole huiachia hewa ivuje pembeni ya ringi. Ndiyo sababu nyingi zina hita plagi, ambazo lazima zipewe sekunde zake kabla ya starta kupigwa. Moja ikiungua, silinda yake hukohoa moshi mweupe asubuhi. Magari ya sasa yenye kompyuta hupima halijoto ya injini na kuongeza petroli yenyewe, bila choki. Hata hivyo betri, vichwa vyake na waya wa eathi hutii Kanuni ya Ohm kama zamani.

HATARI NNE

Haraka ya asubuhi imejeruhi watu wengi. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo wakati wa kuazima umeme, chanya huunganishwa na chanya, na waya wa mwisho wa hasi hufungwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Petroli isimiminwe kwa mkono katika kabureta huku starta ikipigwa, kwa maana moto ukirudi nyuma huunguza uso. Injini isipashwe joto ndani ya banda lililofungwa: moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na choki huizidisha. Mwisho, asidi ikirukia jicho au ngozi, ioshwe kwa maji mengi mara moja, na jicho lipelekwe hospitali.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu achukue oili mpya ya injini, faneli moja na saa. Oili ipozwe au ipashwe moto katika maji hadi nyuzi 10, 20, 30 na 40. Kila mara kipimo kile kile kimiminwe katika faneli, na muda wa kumalizika uandikwe. Wanafunzi wachore grafu ya muda dhidi ya halijoto, na waeleze kwa nini mstari wake umepinda. Jaribio hilo lirudiwe kwa oili ya daraja moja na ya madaraja mengi, kisha grafu mbili zilinganishwe.

Maswali ya kujadiliwa:

1. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 kinapitisha ampea 180. Ni volti ngapi zinapotea, na ni wati ngapi zinageuka joto?

2. Gari linawaka vizuri kila asubuhi ya jua, lakini linagoma kila asubuhi ya ukungu, ingawa halijoto ni ile ile. Ni kifaa gani kikaguliwe kwanza, na kwa nini?

3. Mwenye gari amebadili betri, plagi na oili kwa siku moja, na gari limewaka. Je, amejua chanzo cha kasoro? Angepaswa kufanya nini?